Hisa Moja ya Susu Yako

Mwaitu,

Blanketi mama yako ameshakufungia, na chupa ya chai, na zile mbaazi za kuchemsha ambazo najua utazigawa kwa abiria wenzako kabla hujafika Machakos. Mambo ya kujifunika na kula sitayagusa. Nakuandikia jambo lingine, na ninaliandika kwa sababu najijua. Nikianza kulisema mbele yako nitakohoa, nitatoka nje kuangalia mbuzi, na kesho utaondoka kwenda Nakuru hujalisikia.

Asubuhi uliniwekea fomu mezani, ukaweka na kalamu juu yake. Ukasema, "Baba, sign hapa na hapa. Kampuni ya sweta ni yangu peke yangu, lakini sheria inataka watu wawili, so nimekuwekea hisa moja. Usijali, ni jina tu." Nikakwambia nitazisoma kwanza. Ukacheka, ukaenda sokoni Mutomo kuaga watu.

Tangu hapo nimekaa na karatasi zako, chai imepoa mpaka imefanya ngozi juu, na ninasikia kinyaa. Si kwa ajili yako, na ujue hilo mapema. Najionea kinyaa mimi mwenyewe, kwa sababu maneno hayo, ni jina tu, niliwahi kuyasema kwa sauti hiyo hiyo ya mtu mwenye haraka, nikimwambia mwanamke ambaye wewe umepewa jina lake.

Unajua kwa nini nakuita Mwaitu, mama yangu. Ulipozaliwa ulipewa jina la mama yangu mzazi, Kalunde, kama ilivyo desturi yetu, na tangu siku hiyo wewe ni mama yangu hata ukiwa na kamasi. Huyo mama yangu, Susu yako, ulimjua kidogo. Ulikuwa darasa la pili alipofariki, na sidhani unakumbuka zaidi ya mapapai aliyokuletea kwenye kiondo kutoka Kalamba. Usichokijua ni kwamba huyo bibi wa mapapai alikuwa mwanachama wa kampuni, hivi unavyotaka mimi niwe kwenye yako. Alikuwa na hisa moja. Mimi nilikuwa na tisini na tisa.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mabati mjini Kitui, nyuma ya soko. Nilitengeneza matangi ya maji, na kazi yangu ilikuwa nzuri. Hilo nalisema bila kujisifu, maana sehemu ya kujisifu iko mbele na inanuka. Nilikuwa nikitumia mabati mazito, geji ishirini na nne, na mshono niliukunja mara mbili kabla ya kuuchomelea kwa risasi iliyoyeyushwa. Kuna matangi yangu ya miaka ile ambayo mpaka leo yanashika maji. Kisha jirani yangu mwenye duka la mbao alishindwa kulipa deni, madalali wakaja, wakatoa mpaka kitanda chake nje, na watu wakasimama kukitazama. Usingizi uliniisha. Si kwamba nilikuwa nadaiwa na mtu. Niliogopa tu kitanda changu kuonekana na watu.

Karani mmoja aliyekuwa akiandikia watu barua mjini akaniambia dawa ipo. "Fanya limited," alisema, huku akila nyama niliyomnunulia. "Kampuni iwe ni kitu yake, na wewe uwe ni kitu yako. Ikianguka, wewe unaenda nyumbani na suruali yako." Nikamwuliza kama naweza kuifanya peke yangu, kwa sababu sikutaka mtu wa kunisumbua. "Peke yako haiwezi. Lazima watu wawili. Lakini si uweke mtu yeyote? Weka bibi, weka mama. Mama ni mzuri, hawezi kukusumbua."

Nilienda Kalamba na karatasi na pedi ya wino mfukoni. Susu yako alikuwa anapepeta kunde. Nikamshika mkono kabla hajaufuta vumbi, nikabonyeza kidole gumba chake kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Sikumsomea hata mstari mmoja. Yeye ndiye aliyeuliza, tena baada ya kazi kwisha, akitazama gumba lake jeusi.

"Hii umenifanya nini?"

"Una hisa moja kwenye kampuni yangu."

"Na hisa ni kitu gani?"

"Ni jina tu, Mwaitu. Usijali."

Aliendelea kupepeta kidogo, halafu akasema, "Basi kama ni yangu, nitakuwa nakuja kuiangalia." Alisema vile mtu anavyosema kuhusu mbuzi aliyemweka kwa jirani, na mimi nilicheka njia nzima mpaka Kitui.

Nilipaka ubao mpya, herufi nyekundu, na lile neno LIMITED nikalifanya kubwa kuliko jina lenyewe. Kanisani nikahamia benchi la mbele. Watu wakaanza kuniita Dairekta, na nilikuwa nikijifanya sisikii ili waite mara ya pili. Nikikumbuka shingo yangu wakati ule, jinsi nilivyokuwa nikiigeuza polepole, natamani kujizaba kofi.

Sasa sikiliza. Kampuni hutakiwa kufanya mkutano kila mwaka na kuandika kwenye daftari nani alikuwepo na nini kilisemwa. Karani alinifundisha niandike tu, hakuna anayesoma. Lakini Susu yako alikuja kweli. Kila mwaka baada ya mavuno, kabla ya mvua za Oktoba, alikuja na kiondo chake, akapita katikati ya matangi akiyagonga kwa kifundo cha kidole na kuweka sikio. "Hili linalia vibaya," alikuwa akisema. "Hapa umeharakisha. Mwenye tangi hili utamwambia nini?" Wanunuzi wakiwa wanasikia. Mimi nilimtafutia karai la kukalia, nikamnunulia chai, nikangoja amalize. Kisha nikafungua daftari nikaandika kwamba Bibi Kalunde aliipongeza kampuni kwa kazi nzuri na akaunga mkono hoja zote. Halafu nikamletea wino.

Mwaka mmoja alikataa. Alikunja ngumi, gumba likawa ndani. "Kwanza rudia ule mshono," alisema. Nikamwambia karatasi haihusiani na mshono. "Mimi sijui karatasi. Najua lile tangi linavuja." Nilirudia mshono, nikiwa na hasira, na jasho linanitoka mbele ya vijana wangu wa kazi. Alilala kwetu siku mbili akisubiri risasi ipoe na tangi lijazwe maji. Ndipo akatoa gumba. Na kwenye daftari nikaandika nini? Kwamba aliunga mkono.

Katika kampuni ile nzima, na tisini na tisa zangu nikizihesabu, hisa iliyofanya kazi ni ile moja. Nilichelewa sana kuliona hilo.

Aliugua kifua, akalazwa hospitali ya misheni wiki tatu, akafariki. Tulimzika Kalamba. Aliyemwosha ni rafiki yake Syombua, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa pale, mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye huwa hasemi jambo mara mbili. Nililia kweli kaburini, na sitaki ufikiri machozi yale yalikuwa ya uongo. Ila mwaka ulipozunguka, karani akaniuliza, "Mwenzako wa kampuni bado yuko?" Kumweka mtu mwingine kulihitaji karatasi nyingi, na mdogo wangu angedai ile hisa ya mama kwa sababu kitinda mimba ndiye hubaki na vitu vya mama. Sikutaka mtu anayejua kusoma ndani ya daftari langu. Nikamjibu, "Yuko."

Hapa ndipo unapoingia wewe.

Nilijiambia Kalunde yuko. Yuko nyumbani kwangu, anavaa sare ya bluu, yuko darasa la tatu. Si sisi wenyewe tunasema mtu akipewa jina amerudi? Si mimi humwita mama yangu? Nilichukua kitu kizuri tulichoachiwa na wazee, kitu cha kumliwaza mtu aliyefiwa, nikakifanya tambara la kufutia wino. Sijui kama kuna Mkamba mwingine aliyewahi kufanya uchafu huo kwa jina la mamake. Natumaini hakuna.

Labda unakumbuka soda. Ulikuja karakana baada ya shule, nikakupa soda ya machungwa chupa nzima, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikakupakata, nikakwambia tucheze mchezo wa wino. Ulipenda. Ulitaka kupiga gumba kwenye kila ukurasa, nikakuzuia. Uliporudi nyumbani mama yako aliuliza hiyo rangi imetoka wapi, nikamwambia umechezea pedi yangu, na nikakugombeza mbele yake kwa utundu. Ulinitazama, ukaficha gumba nyuma ya mgongo. Mwaka uliofuata nilifanya tena, na safari hiyo hukuiomba hata soda.

Kuhusu matangi, hakukuwa tena na wa kuyagonga. Nilianza kununua geji thelathini, mabati membamba yanayopinda kwa upepo, na mshono nikaukunja mara moja. Yalikuwa yanang'aa vizuri sana. Kikundi cha Syombua kikaniagizia matangi ishirini, wakalipa yote mapema kwa pesa za kuuza viondo, kwa sababu mimi ni mtoto wa Kalunde na walijua Kalunde alikuwa akikagua kazi yangu. Jina lake, hilo nililosema ni jina tu, ndilo lililoniletea wateja hao. Mvua ya kwanza ilijaza matangi. Kufika wiki ya pili mishono ikafunguka, maji yakamwagika uani, na wale akina mama wakarudi mtoni na punda.

Walikuja Kitui wakiwa na tangi moja lililopasuka juu ya mkokoteni, wakalishusha mlangoni pangu. Nikatoka na kalamu sikioni. Nikawaambia, na haya ni maneno yangu mwenyewe, "Mimi hamnidai. Inayodaiwa ni kampuni, na kampuni haina kitu." Ilikuwa kweli haina. Ploti na nyumba nilikuwa nimeziandika kwa jina langu, kama nilivyofundishwa.

Syombua akauliza, "Hiyo kampuni ni nani? Inakunywa maji?"

Nikamwonyesha ubao. Nilimwinulia kidole mama wa rika la mama yangu, nikamwonyesha ubao.

Walichangishana wakamtafuta wakili kijana, mwenye koti lililombana kwapani. Akatuita sote ofisini kwake, na mimi nilikwenda na daftari langu la mikutano, nikalikabidhi kwa furaha, kwa maana nilidhani ndilo ngao yangu. Akina mama walikuwa wamebanana kwenye benchi mpaka mlangoni. Wakili akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa Kiswahili ili wote wasikie: waliokuwepo ni Dairekta na Bibi Kalunde, Bibi Kalunde alifurahia maendeleo ya mwaka, Bibi Kalunde aliunga mkono.

"Kalunde gani?" Syombua akauliza.

Wakili akanitazama. Nikasema, "Mama."

"Mama yako mimi nilimwosha," Syombua alisema. "Kwa hii mikono. Soma tena hiyo siku."

Wakili alisoma siku hiyo tena. Ilikuwa mwaka wa pili wa mama yangu kaburini, na mimi nilikuwa nimemwandika amekaa kwenye kiti, anafurahia maendeleo. Hakuna aliyenipigia kelele. Mama mmoja akajifunika uso kwa leso kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa uchi.

Kisha wakili akageuza kurasa nyuma, akaweka gumba la zamani karibu na gumba jipya. La zamani lilikuwa pana, lina kovu la kisu katikati. Jipya lilikuwa dogo, halina hata mkunjo. Alilitazama muda mrefu. "Hii ni ya mtoto," akasema. Syombua akanigeukia, na najua alijua ni mtoto yupi, kwa sababu siku ya kukupa jina alikuwepo na alikubeba. Hakulitaja jina lako. Nimeishi miaka yote hii nikimdai shukrani mtu niliyemwibia maji.

Unisamehe, nimeandika nikimdai. Ni yeye anayenidai. Ona vile mkono umezoea.

Wakili akanieleza sheria. Kampuni ya namna ile haiwezi kubaki na mwanachama mmoja. Mwenzako akifa na wewe unajua, na ukaendelea na biashara zaidi ya miezi sita, deni unaloingia baada ya hapo ni lako, la kichwa chako na ploti yako. Ule ukuta niliojenga ili nijifiche nyuma yake ulikuwa umesimama juu ya gumba la bibi mmoja wa Kalamba, na nilipomzika ulianguka, ila mimi sikusikia kishindo. Wakili mwingine niliyemwendea kwa siri aliniambia ningeweza kubishana kortini, hoja zipo. Lakini kubishana kungeleta swali la lile gumba dogo ni la nani. Usinipe sifa hapo, ukasema nilikukinga. Niliogopa jela. Niliuza ploti na nyumba, nikawalipa akina mama wa Kalamba, tukaja huku Mutomo kwa mbuzi na jua. Uliponiuliza kwa nini tunahama, nilikwambia hewa ya mjini inakuumiza kifua. Mama yako alikuwa anafunga sufuria, akaacha kufunga, akatoka nje. Yeye alikuwa ameshaambiwa sokoni. Ulivaa sweta miezi mitatu kwa ajili ya kifua ambacho hakikuwa kinauma.

Ule mlango wa banda la kuku wenye herufi nyekundu, uliokuwa ukinisumbua nikusomee ukiwa mdogo, ndio kipande kilichobaki cha ubao. Kuku wameupaka wanavyopenda na sijawahi kuusafisha.

Sasa fomu zako. Kampuni sio kitu kibaya. Kama sweta zako zitanunuliwa na shule halafu shule isilipe, ni vizuri mashine zako mbili za kufuma zisiuzwe na kitanda chako kisitolewe nje. Hilo nalielewa kuliko unavyodhani. Kinachonitia kichefuchefu ni ile raha ya kuambiwa sheria inataka watu wawili, na wewe ukatafuta haraka mtu ambaye hatakuwa mtu. Sijui aliyetunga sheria ile alifikiri nini. Mimi nadhani alijua mtu akiwa peke yake na muhuri huanza kunuka, na yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kuisikia harufu. Mimi nilinuka miaka miwili benchi la mbele la kanisa.

Nilifikiria kukataa. Nilifikiria kukwambia umtafute mtu msafi. Kisha nikafikiri, utamweka rafiki yako mmoja wa chuo anayecheka kila unachosema, na atakuwa jina tu kweli.

Kwa hiyo nimetia sahihi, hapa na hapa. Lakini nimesoma kila mstari, na pale penye hisa moja nimeweka kidole nikakaa nayo kidogo. Ni yangu sasa. Nitakuja kuiangalia. Kila mwaka nitapanda basi mpaka Nakuru, nitavuta mikono ya sweta zako mbele ya wateja, nitazigeuza ndani nje, na nikiona mshono wa haraka nitakunja gumba ndani ya ngumi, na sitakuhurumia. Utakasirika. Andika kwenye daftari kwamba nilikataa, na uandike kwa nini.

Na siku nikifa, usiniweke kwenye kiti. Ukipata mtoto wa kiume na ukampa jina langu, muite Baba, mbebe, mpe soda bila kumwomba chochote, lakini kidole chake kikae mbali na wino wako. Tafuta mtu mwingine kabla miezi sita haijaisha. Na mkutano utakaofuata, wakikuuliza mwanachama wa pili, andika kwa mkono wako, Mwaitu, kama mimi nilivyopaswa kumwandikia mama yangu: hakuwepo.

Baba yako